Pole Nne Nilizompa Bi Magreti

Mmenichokoza wenyewe! Juzi mlipokuja na vitambulisho vyenu vipya vya ukalimani shingoni, mkasema, "Shikamoo bibi, tunaomba utuandikie mawili matatu ya kazi," nilijifanya ninafikiri. Kumbe moyoni nacheza ngoma! Tangu nistaafu ukalimani hakuna anayeniuliza kitu zaidi ya bei ya pweza. Haya, kaeni vizuri. Nitaandika kama ninavyosema, na mimi nikisema siendi njia iliyonyooka, naenda mbele, narudi nyuma, nachepuka kusalimia. Mkichoka, semeni. Tena semeni mapema, maana hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza.

Kwa msionijua, naitwa Somoe. Nimezaliwa Kilangala, nikaolewa Kilwa Masoko. Nyumbani kwetu tulisema Kimwera, sokoni Kiswahili, na Kiingereza nilikipata shuleni kwa viboko na baadaye kazini kwa aibu. Aibu inafundisha kuliko kiboko, niaminini. Miaka yote hiyo nimekuwa mdomo na masikio ya wageni: wageni wa visima, wageni wa magofu, wageni wa korosho, hata waliokuja kutafuta mifupa ya wanyama ambao hakuna babu yeyote aliyewahi kuwaona.

Nyinyi Kiingereza mnakijua kunishinda. Mnakitoa puani, mnakitoa na mabega. Na hizo simu zenu, mgeni akifungua mdomo tu, maandishi yanajipanga kwenye kioo. Napenda sana! Ningekuwa nayo enzi zangu ningefanya kazi nimejilaza. Lakini kuna jambo moja ambalo simu haijalijua bado, nalo ni namna Mwingereza anavyokwambia kwamba mambo yanamzidia.

Tujiangalie sisi kwanza. Mtu wa huku akijikwaa kidole, utasikia, "Mama yangu wee, nimekufa!" Watu watatoka majumbani. Watampa pole, watamcheka, na baada ya dakika mbili marehemu huyo anaomba maji ya kunywa na kuuliza matokeo ya mpira. Sisi tunaanzia juu, halafu tunashuka taratibu. Mwingereza anakwenda kinyume. Kadiri anavyoumia ndivyo maneno yake yanavyopungua ukubwa. Akiwa na njaa ya kawaida atakwambia anaweza kula farasi mzima, na akivunjika mguu atakwambia unamsumbua kidogo.

Mimi niliambiwa hayo mapema kabisa, na sikusikia.

Mgeni wangu wa kwanza wa maana alikuwa fundi wa visima, mtu mmoja mwekundu mwenye kofia pana. Tulikuwa kijiji kimoja upande wa Pande, na kinamama walikuwa wamesubiri maji tangu wakiwa wasichana. Mashine ikaanza kutoboa ardhi alfajiri. Kabla ya saa tatu fundi akanijia, akajifuta jasho, akasema, "It's becoming a bit of a challenge." Nikageuka kwa kinamama, kifua mbele, nikatangaza, "Fundi anasema kuna changamoto kidogo!"

Sasa nani kati yenu hajui changamoto kidogo? Ni ile inayokwisha kabla chai haijapoa. Kinamama wakapanga ndoo. Jua likapanda. Nikamwendea fundi tena, akasema sasa ni "quite tricky", yaani kuna ugumu wa kiasi. Nikarudi, nikatangaza, "Bado kidogo tu!" Ndoo zikaongezeka, zikafika hadi barabarani. Mpaka alasiri, watu wamekaa juani kwa neno langu, ndipo nikagundua kwamba chuma cha kutobolea kilikatikia chini tangu asubuhi, hakitolewi wala hakiingii, na fundi yule alikuwa amenieleza mara sita kwamba maji hakuna.

Bi Mwanaidi, mama mmoja mwenye ulimi, akaibeba ndoo yake, akasimama mbele yangu. "Somoe mwanangu," akasema, "hiyo changamoto yako mbona haijazi ndoo?"

Kijiji kizima kikacheka. Nilitamani kuingia kwenye shimo lile lisilo na maji.

Aliyeniokoa siku ile ni Mzee Nassoro. Alikuwa mkalimani mkongwe, mwenyeji wa Pande, amefanya kazi na wapima barabara mpaka magoti yake yakawa yanalia akiinuka. Alivaa koti la mifuko mikubwa, kuwe na joto kusiwe na joto. Akanivuta pembeni.

"Binti," akaniambia, "Kiingereza unacho. Masikio huna."

Akaingiza mkono mfuko wa kulia, akatoa korosho tano mbichi, bado na maganda. Akanieleza kwamba akitoka na mgeni asubuhi, korosho zote tano hukaa kulia. Mgeni akitamka neno la kupunguza jambo, kidogo, kiasi, hivi hivi, yeye huhamisha korosho moja mfuko wa kushoto. Zikifika tatu, anasimamisha safari, hata kama wanakwenda kuonana na mkuu wa wilaya.

"Na zikifika tano?" nikauliza.

"Sijawahi kungoja zifike."

"Na ukizila kwa njaa, mzee?"

"Nikizila mimi, mgeni amekwisha."

Nikacheka mpaka nikashika ubavu, naye akacheka, lakini hakuacha kufundisha. Akasema wanaanza na "a bit", kijineno hicho kidogo kama sisimizi, na mtu akikisema jua ameanza kuumia. Baadaye wanakuja na "getting": joto linazidi, njia inazidi kuwa ngumu. Wakisema kitu kinazidi, mzee akasema, ujue kilishazidi zamani. Kisha watakuuliza, kama vile wanakuomba ruhusa ya kupumua, "I wonder if we might", ingewezekana labda tufanye hivi au vile? "Mzungu mwenye shida akianza kukuomba ruhusa," akasema Mzee Nassoro, "mshike mkono."

"Na mwisho kabisa wanasemaje?"

"Mwisho anakushukuru."

Nikacheka tena. Nilikuwa kijana, na kijana akiambiwa jambo la maana na mtu mwenye korosho mfukoni, haoni zaidi ya korosho.

Lakini msije mkawafunga wote kamba moja! Wasemaji wa Kiingereza wako wengi na hawafanani. Nimefanya kazi na Wamarekani waliosema waziwazi "siwezi", huku wanatabasamu meno yote. Nimefanya kazi na Mkenya mmoja ambaye jiwe likiingia kwenye kiatu, wilaya nzima inajua. Ninaowasema hapa ni wale waliolelewa kuona kwamba kulalamika mbele za watu ni kama kutoka nje bila nguo. Mtawatambua kwa sababu watawaombeni radhi pale mtakapowakanyaga nyinyi.

Bi Magreti alikuwa hivyohivyo. Nafika kwake sasa, na hata leo nikiandika jina lake naweka kalamu chini kwanza.

Alikuwa mtafiti wa ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyafunika maua ya mikorosho kwa unga mweupe mpaka yanakauka bila kushika matunda. Mtu mzima, mwembamba, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Nilimpenda! Aliuliza jina la kila kitu kwa Kiswahili, mpaka la ule uchafu wa kwenye kwato za mbuzi. Neno alilolipenda kuliko yote ni "pole". Alisema kwao hawana neno la namna hiyo, la kumwambia mtu aliyejikwaa na aliyefiwa vilevile. Akawa anawapa watu pole njia nzima, hata punda.

Siku ya kwanza aliniambia ana "a touch of asthma". Mguso wa pumu. Mguso! Mimi nikaona ni kitu cha kupaka dawa ya mafua kifuani na kulala. Sikuuliza zaidi.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliondoka Mingoyo na gari mapema, tukaingia ndani kuelekea upande wa kwetu Kilangala, mpaka mchanga ukalizuia gari. Dereva akabaki nalo. Bi Magreti akataka kuchukua mkoba wake. Nikamwambia, "Uache tu, ni hapo tu." Mnaijua "hapo tu" yetu. Na mnajua kwamba huwezi kupita uwani kwa mtu na mgeni halafu usikae. Nyumba ya kwanza tukapewa muhogo na chai. Nyumba ya pili dafu, na salamu za ukoo mzima. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma tulipofika kwa Mzee Mchopa, ambaye shamba lake ndilo lililotuleta.

Mzee Mchopa alikuwa ametungojea siku tatu. Amefagia chini ya mikorosho yote, amevaa kanzu na kofia ya viua kama anakwenda kuswali Idi. Wanawe wawili walikuwa wanapulizia salfa, ile dawa ya njano ya ubwiri, kwa mashine ya mgongoni, maana salfa ya unga inapulizwa asubuhi umande haujakauka, ishike kwenye maua. Walikuwa wameichelewesha kidogo ili mgeni aone kazi. Wingu la njano lilikuwa limejaa chini ya matawi, halina pa kwenda.

Tukaingia. Baada ya hatua chache Bi Magreti akasema hewa ni nzito kidogo, au siyo?

"Pole," nikamwambia.

Akatabasamu. Nikaona nimemaliza kazi. Kwetu pole si neno jepesi, ndani yake kuna nimekuona, niko nawe, Mungu akupunguzie. Unayempa anajibu "nimeshapoa" na maisha yanaendelea. Ndiyo hesabu yetu, na ni hesabu nzuri. Lakini haifungui dirisha.

Mzee Mchopa akaniuliza, "Mgeni wetu hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Basi nimwoneshe ule mkorosho aliouotesha marehemu baba yangu. Uko kule ndani."

Tukaenda kule ndani. Bi Magreti akasema anaona shida kiasi kupata pumzi. "Pole sana," nikasema. Tukafika kwenye mkorosho wa marehemu. Mzee akaeleza habari zake tangu mbegu. Bi Magreti akanigusa mkono, akasema, "It's getting harder and harder, actually." Inazidi kuwa ngumu. Nami nikampa pole ya tatu, nikaongeza kwamba tunamaliza sasa hivi.

"Anasemaje?" akauliza Mzee Mchopa, macho yanang'aa.

Hapa ndipo penye kosa langu, na sitalipaka rangi. Nilimtazama mzee yule na kanzu yake. Nikawatazama wanawe wamesimama na mashine wakisubiri kusifiwa. Nikaona aibu kumwambia kwamba shamba lake linamkaba mgeni. Nikamjibu, "Anasema miti yenu imetunzwa."

Astaghfirullah! Mzee akafurahi, akatupeleka mti mwingine.

Bi Magreti akasimama. Akauliza kwa sauti ndogo kama ingewezekana labda tukae kwa muda mfupi, kama haitakuwa usumbufu sana. Nikampa pole ya nne. Nikamwambia mkeka umetandikwa kwa mwenyeji, mke wa mzee ameshapika, ni pale tu baada ya mikorosho ile.

"Thank you," akasema.

Tukatembea. Hatua mbili. "Thank you," akasema tena, na hakuna kitu nilichokuwa nimempa.

Sauti ya Mzee Nassoro ikaniingia kichwani kama mtu amenipiga kofi. Nikageuka. Midomo ya Bi Magreti ilikuwa imebadilika rangi. Akapiga magoti polepole, kwa heshima, kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka, halafu akalala upande juu ya majani makavu.

Ngojeni. Najua mnataka kukimbia mbele, lakini mkiondoka hapa bila kushika hili mtakuwa mmesoma hadithi tu. Mgeni akikwambia hata hilo "a bit" la kwanza, mpe pole, ndiyo, usiache mila yako, lakini pole iende na kitu mkononi. Pole na maji. Pole na kivuli. Pole na "tunarudi garini". Usimuulize kama yuko sawa, maana atasema yuko sawa hata akiwa kinywani mwa mamba. Muulize jambo ambalo haliwezi kujibiwa kwa neno moja: nieleze nyumba tulizopita, kila moja walitupa nini? Ukisikiliza jibu, usisikilize maana, sikiliza urefu. Na mkoba wenye dawa hauachwi garini. Nimeandika. Tuendelee.

Nilipiga yowe la kwetu, lile la Kilangala, ndege wakaruka. Wale vijana wakazima mashine. Mke wa Mzee Mchopa, Bi Asha, akaja mbio na unga bado mikononi, akamfungua vifungo vya shati, akawa anampepea kwa khanga na kumsomea dua. Kijana mmoja akaleta pikipiki. Tukamweka Bi Magreti katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, mshikaki, watatu kwa pikipiki moja, mchanga unaturusha huku na kule. Nilikuwa nasikia kifua chake kikipiga filimbi mgongoni kwa yule kijana. Filimbi ile ilinitisha. Sikujua kwamba baadaye nitaitamani.

Tulipofika garini nikamwaga mkoba wote chini, nikampa kichupa chake cha kuvuta dawa ya pumu. Akavuta. Akavuta tena. Dereva hakuuliza kitu, akaondoa gari.

Hospitali sitaitaja. Daktari alikuwa kijana, mpole, msafi, mmoja wa wale wanaosalimia wagonjwa kwa majina. Akamwekea mashine ya mvuke wa dawa na hewa ya oksijeni, na kufika saa sita Bi Magreti alikuwa amekaa kitandani. Akanieleza kwa kirefu habari za dada yake, na bustani ya dada yake, na konokono wanaokula bustani ya dada yake. Nilikaa pale nikimeza kila konokono kama asali! Daktari akaona nafuu, akamwondolea oksijeni. Mimi nikaenda kuswali adhuhuri.

Niliporudi nikamuuliza dada yake anawafukuzaje wale konokono. Akanijibu kwa maneno matano. Nikamuuliza lingine, maneno matatu. Daktari akapita, akamuuliza kwa Kiingereza kizuri anajisikiaje. "Much better, thank you," akasema, kwamba ana nafuu kubwa na wamekuwa wema mno. Daktari akaandika, akaenda zake. Muuguzi akatega sikio kifuani kwake, akafurahi. "Kifua kimetulia, mama. Filimbi imekwisha kabisa."

Filimbi ilikuwa imekwisha kweli. Nikamwita, "Bi Magreti?"

"Fine," akasema. "Thank you."

Nikatoka mbio. Nilimkuta daktari ukumbini, amezungukwa na watu kama ishirini wenye karatasi mkononi.

"Daktari, njoo umwone mgeni wangu."

"Shikamoo mama. Nimetoka kwake sasa hivi. Kaniambia mwenyewe anaendelea vizuri."

"Marahaba. Kakwambia kwa maneno mangapi?"

Akacheka. "Mama, hicho Kiingereza nimekisomea miaka mingi."

Watu wakacheka naye, na mimi nikaona ile aibu inanijia tena, ileile ya shambani. Kumsahihisha daktari mbele ya wagonjwa wake! Mwanamke mzima, mkalimani tu, hata kidato cha sita sikufika. Miguu ilitaka kurudi. Wallahi ilitaka kurudi. Nikaizuia, nikapaza sauti mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

"Mgonjwa wako anakufa kwa adabu, daktari! Na mimi leo adabu sina!"

Daktari akanitazama kwa hasira, nikafurahi, kwa sababu kwa hasira hiyo alitembea haraka. Akaingia wodini, akaweka kile chombo chake cha kusikilizia kifuani kwa Bi Magreti. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Uso wake ukabadilika, akaanza kuita watu kwa majina, muuguzi akakimbia, mtungi wa oksijeni ukaburutwa, na mimi nikasukumwa nje. Baadaye alinieleza kwamba filimbi ilikoma kwa sababu pumzi iliyobaki haikutosha hata kupiga filimbi. Wakati ule hakuna aliyenieleza kitu.

Kwenye benchi nje nikamkuta Mzee Mchopa. Amekuja kwa baiskeli njia yote ile, kanzu imejaa salfa, njano mpaka mabegani. Nikakaa kando yake.

"Somoe mwanangu," akasema, "nilikuuliza. Ukaniambia hajambo."

"Ndiyo, baba."

"Ningejua, ningewazimisha wale vijana. Ningembeba mwenyewe."

"Aliniambia mara nne, baba. Nilikosa mimi. Niliona haya kukuharibia siku."

Akakung'uta salfa kwenye kofia yake. Nilingoja anitukane, na ningemshukuru.

"Pole," akasema.

Nilishindwa kumjibu kwamba nimeshapoa. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, na yeye akakaa hapohapo mpaka alasiri ikapita na Bi Asha akaja na chakula ambacho hakuna aliyekigusa. Mlango ule ulifunguka mara nyingi, na kila ulipofunguka tulisimama wote wawili, na kila mara alikuwa ni mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata yule daktari akatoka. Macho mekundu, koti limekunjamana. Akanitazama, akaniamkia upya, shikamoo ya taratibu, kisha akasema tunaweza kuingia, mmoja mmoja. Tukaingia wote wawili na hakutuzuia.

Bi Magreti alikuwa ameegemea mito, mweupe kama shuka. Nikakaribia. Sikumuuliza kuhusu nyumba tulizopita wala dada yake, yote yalikuwa yamenitoka. Nikamuuliza lile swali ambalo nimewakataza nyinyi kuuliza. "How are you?"

Akajiinua kwenye mito.

"Terrible," akasema. Vibaya sana.

Na hapo akaanza! Alisema kitanda kina shimo katikati na amelala ndani yake kama muhogo. Alisema uji ule haukutiwa sukari na mbu wa wodi ile ni wakubwa kuliko mbuzi. Alisema ile salfa inanuka kama mlango wa jehanamu na Mzee Mchopa anaimwaga mara mbili ya inavyotakiwa. Alisema aliogopa, aliogopa sana, alidhani anakufa chini ya mti wa mtu asiyemjua, na kila alipomwomba mtu mmoja tu anayejua Kiingereza amsaidie, mtu huyo alikuwa anampa pole, pole, pole, mpaka akalichukia neno alilokuwa analipenda. Alisema yote hayo kwa mkupuo, hakusimama hata mara moja kutafuta pumzi.

"Analalamika, baba!" nikamwambia Mzee Mchopa. "Sikiliza, analalamika!"

"Alhamdulillahi," akasema mzee, macho yamemjaa machozi. "Anasemaje?"

Bi Magreti akaelewa swali lile. Akanitazama mimi, siyo mzee. "Tell him," akasema. Mwambie.

Nikavuta kigoda, nikakaa katikati yao, nikamfasiria mzee neno kwa neno, kitanda, uji, mbu, jehanamu, na salfa yake inayozidi, hata yale yaliyonihusu mimi.